Mtazamo chanya unajengwaje na mtu ambaye Januari yake huanza na madeni?

Fundi wa Morogoro

Heri ya mwaka mpya wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni, mapazia na sare za shule katika fremu ndogo hapa Morogoro mjini. Kila mwisho wa Desemba huandika malengo ya mwaka unaokuja kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo, na kwa miaka kadhaa sasa yamekuwa yaleyale matatu: kujifunza kukata suti za kiume ili nisiendelee kuwarudisha wateja wa harusi, kuandika mapato na matumizi ya kila siku, na kuacha kujisema vibaya, hasa kauli ninayoirudia tangu shule ya msingi kwamba mimi si mtu wa hesabu. Wiki za mwanzo mambo huenda vizuri, kisha yote yanakuwa nguvu ya soda. Ikifika Machi daftari la hesabu halina kitu, na suti bado ni kazi ya mafundi wengine.

Mwaka jana nililipa kiingilio cha semina ya kujenga fikra chanya. Msemaji alitufundisha kusimama mbele ya kioo kila asubuhi na kujitamkia kwamba mimi ni tajiri, mimi ni mshindi, na akasisitiza kwamba anayezungumzia matatizo yake huwa anayaita. Sikatai kwamba niliondoka pale nikiwa na moyo mkubwa. Lakini nyumbani kodi ya fremu ya miezi sita ilikuwa inadaiwa, watoto wawili walitakiwa kuripoti shuleni wakiwa na madaftari na viatu, na pesa yote ya sare niliyoipata mwanzoni mwa Januari ilikuwa imekwisha kupangiwa kazi kabla sijaishika. Kujiita tajiri katika hali hiyo kulinifanya nijione mwongo mbele ya kioo changu mwenyewe.

Kwa hiyo nauliza kwa nia njema kabisa: je, mtazamo chanya ni kitu halisi chenye manufaa, au ni bidhaa inayouzwa kwa watu wenye shida? Na kama ni kitu halisi, mtu anaujengaje bila kujidanganya kuhusu hali yake? Naomba majibu ya wenye elimu ya mambo haya au waliowahi kuyafanyia kazi. Kauli za kutia moyo ninazo nyingi kwenye simu.

Mshauri wa Vijana, Dodoma

Dada Fundi, swali lako limegusa jambo ambalo wanasaikolojia wamelichunguza kwa muda mrefu, na walichokikuta hakifanani na mafundisho ya ile semina.

Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Kijerumani Gabriele Oettingen na mwenzake Thomas Wadden walichapisha utafiti kuhusu wanawake 25 waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito. Walitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya kila siku: kiasi ambacho mwanamke alitarajia kufaulu, na namna alivyojichorea akilini picha tamu za kuwa amekwisha kufaulu. Waliotarajia kufaulu walipungua zaidi. Waliozama katika picha tamu walipungua kidogo kuliko wenzao. Oettingen aliendelea na utafiti wa aina hiyo kwa miaka mingi, na maelezo yake ni kwamba mtu akishauonja ushindi akilini hulegea kana kwamba kazi imekwisha kufanyika, ilhali yule anayetarajia kufaulu na papo hapo akaitazama vizuri kero itakayomzuia, hupata nguvu ya kuikabili. Kioo chako, kwa lugha ya utafiti huu, kilikuwa kikikupa picha tamu, na kile ulichokiita uongo ni akili yako timamu ikikataa kukubali jambo ambalo haijaona ushahidi wake.

Mtazamo chanya basi upo, na una manufaa; ila ni matarajio, na matarajio hulishwa na ushahidi. Ushahidi unatokana na mambo madogo yaliyofanyika kweli, ndiyo maana swali la namna ya kupanga lina uzito kuliko swali la namna ya kujitamkia.

Juu ya kupanga, kuna jaribio moja la msimu huuhuu ambalo hupenda kuwaeleza vijana ninaowahudumia. Mwaka 1997 Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walichapisha matokeo ya wanafunzi wa chuo kikuu waliotakiwa kuandika, ndani ya saa 48, maelezo ya jinsi walivyoutumia mkesha wa Krismasi. Wote walikuwa na nia. Nusu yao waliombwa pia kutaja mapema saa na mahali watakapokaa kuandika. Waliotaja saa na mahali, takribani robo tatu yao waliandika. Wasiotaja, ni theluthi moja tu. Tofauti haikuwa katika moyo wa kutaka. Ukiandika kwamba “nitaandika mapato kila siku” umeacha mlango wazi, lakini ukiandika kwamba “nikishafunika cherehani jioni, kabla sijafunga mlango wa fremu, nitaandika mapato na matumizi ya leo”, umeifunga kazi mpya kwenye kazi ambayo tayari unaifanya bila kufikiri.

Usihofu pia ukisikia kwamba tabia hujengwa kwa siku 21. Hesabu hiyo ilienea kutokana na maandishi ya daktari mpasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, ya mwaka 1960, na yeye alikuwa akieleza muda ambao wagonjwa wake walihitaji, kwa uchache, kuzoea sura mpya baada ya upasuaji. Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu 96 wenye kujenga tabia ndogondogo za kila siku, walikuta kwamba wastani ulikuwa siku 66, na kwamba baadhi walihitaji siku 18 na wengine, kwa makadirio, hadi 254. Walikuta pia jambo ambalo ningependa uliandike kwenye daftari lako: kuruka siku moja hakukuharibu safari. Kinachowaangusha wengi ni hukumu wanayojipa baada ya kuruka siku hiyo moja.

Neno la mwisho ni kuhusu lengo lako la tatu. Watafiti wa Sweden waliowafuatilia watu zaidi ya 1,000 walioweka maazimio ya mwaka 2017 walikuta kwamba waliojiwekea jambo la kufanya walifaulu zaidi, takribani asilimia 59, kuliko waliojiwekea jambo la kuacha, takribani asilimia 47. Lengo lako limeandikwa kwa lugha ya kuacha. Tafuta kitendo kitakachokaa mahali pa ile kauli ya hesabu, kwa kuwa kauli hiyo inahitaji kukutana na kitu kinachoipinga.

Mhasibu wa Vikoba, Iringa

Ndugu Mshauri ameeleza vizuri, nami sina ugomvi na utafiti wake. Ninachokiogopa ni kwamba mazungumzo ya mtazamo chanya, hata yakiwa ya kitaalamu, huishia kumwambia maskini kwamba tatizo limo kichwani mwake. Dada ametaja kodi ya miezi sita na watoto wawili wa shule. Haya si mawazo hasi. Ni hesabu.

Mwaka 2013 lilichapishwa jarida la Science likiwa na utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Mkulima huyohuyo alipimwa uwezo wake wa kufikiri kabla ya mavuno, wakati fedha zimeisha na madeni yamebana, kisha akapimwa tena baada ya mavuno. Baada ya mavuno alifanya vizuri zaidi. Elimu yake haikubadilika, tabia yake haikubadilika, wala hakuhudhuria semina yoyote. Kilichobadilika ni kwamba akili yake haikuwa tena imeshikwa na swali la pesa itatoka wapi. Nimewaona wanakikundi wetu wakipitia hali hiyo kila mwaka: mama ambaye mwezi wa kumi na moja anapanga mambo kwa utulivu kama mkuu wa idara, Januari anasahau hata siku ya mkutano.

Nilichokisoma katikati ya maneno ya dada ni kwamba anapanda malengo yake magumu kuliko yote katika wiki ambazo sare zinamkesha hadi usiku na pesa inaingia ikitoka, na yanapofika Februari na Machi, kazi zimepungua na kodi imekwisha kumkamua, anayakuta yamenyauka na kujilaumu yeye. Mwaka wa fundi cherehani una misimu yake: sikukuu, sare, harusi, na vipindi ambavyo biashara hulala. Mtu anayeufahamu msimu wake ataweka Januari lengo moja jepesi lisilohitaji fedha, na kujifunza suti atakuweka katika kipindi ambacho meza yake iko wazi.

Halafu lile fundisho la kwamba anayetaja matatizo yake anayaita, mimi nalipinga waziwazi. Linawafanya watu wanyamaze. Kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, mtu hununua hisa mbele ya wenzake, huchangia mfuko wa jamii, na akikwama husimama akasema nimekwama, na kwa kusema hivyo ndipo hupewa muda wa kurejesha au mkopo wa dharura wa bei nafuu. Yule anayenyamaza ili asiharibu mtazamo wake ndiye ninayekuja kumkuta amechukua mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya riba kubwa, mmoja akiulipia mwingine. Kama kuna jambo moja la mwaka huu ambalo ningemshauri dada alifanye kabla ya kioo na kabla ya daftari, ni kukaa na mwenye fremu na kuomba kodi ilipwe kwa miezi mitatu mitatu. Wapo wanaokataa, lakini wengi hawajawahi kuombwa.

Mwalimu Mstaafu, Ukerewe

Marahaba mwanangu, na heri ya mwaka mpya nawe.

Nimesoma majibu ya walionitangulia kwa furaha. Mimi nitazungumzia hiyo kauli ya kwamba wewe si mtu wa hesabu, kwa sababu nimeisikia, kwa maneno mbalimbali, kutoka kwa mamia ya watu wazima.

Vijana wengi hapa hawafahamu kwamba nchi yetu iliwahi kuwa na azimio la mwaka mpya la taifa zima. Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alitangaza katika hotuba yake kwamba huo utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazo hilo alikuwa nalo siku nyingi: mwaka 1964, alipokuwa akiwasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alisema kwamba watoto wetu hawatagusa uchumi wa nchi kwa miaka mitano, kumi au hata ishirini, bali mtazamo wa watu wazima unaugusa sasa hivi. Katika sensa ya 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Ulipofanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo, Agosti 1975, sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 39. Kwa hiyo watu wenye mvi, waliokuwa wakijiita vichwa vigumu, walibadilika kwa wingi na kwa muda mfupi, na hawakubadilika kwa kuambiwa kwamba wana akili.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa kulikuwa na mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioanzia Mwanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, na vitabu vyake viliandikwa kwa kufuata kazi ya mtu: mkulima wa pamba alisoma kwa pamba, wa ndizi kwa ndizi, mvuvi kwa uvuvi. Nilikuwa kijana wakati huo, nafundisha jioni baada ya watu kutoka shamba. Nakumbuka mama mmoja ambaye kila nilipomwita ubaoni alisema kichwa chake hakishiki kitu. Jioni moja alifungua fundo la pembe ya khanga yake, akatoa stakabadhi ya pamba aliyoiuza, imekunjwa mpaka imechakaa kwenye mikunjo, akaniuliza imeandikwa nini. Niliweka irabu pembeni. Tulisoma kilo, tukasoma bei ya kilo, tukazidisha, tukafika kwenye jumla iliyoandikwa chini. Aliirudia mwenyewe kwa kidole mara nyingi. Msimu uliofuata watu walinieleza kwamba mama yule, pamba yake ilipokuwa ikipimwa, alisogea mpaka kwenye mzani na kutaka kuona mshale umesimama wapi. Sikumsikia hata siku moja akitamka kwamba yeye ni msomi, ila ile habari ya kichwa kigumu iliisha bila kutangazwa.

Sasa nikurudie wewe. Mteja anakuletea kitenge cha yadi sita, anataka gauni, kilemba, na shati la mtoto. Unakitandaza mezani, unapima kifua na nyonga kwa inchi, unagawa kwa nne, unaongeza nafasi ya mshono, unazungusha kitambaa ili maua yasikae kichwa chini, na kabla mteja hajamaliza kueleza unajua kama kitatosha au hakitatosha. Unagawanya, unajumlisha sehemu za inchi na kukadiria eneo, siku nzima, na ukikosea kitambaa cha mtu kimeharibika. Ni hesabu ipi hiyo ambayo wewe si mtu wake? Nadhani ulichoshindwa ni hesabu ya ubaoni ya miaka ile, pengine chini ya fimbo, na ukaliita jina lako kwa kushindwa huko. Ningekushauri uanze daftari lako kwa nguo badala ya tarehe: andika gauni la fulani, kitambaa, uzi, zipu, umeme, muda uliotumia, bei uliyolipwa, na kilichobaki. Hesabu ikikaa juu ya nguo unayoijua, mkono wako utaifuata.

Jambo jingine nililojifunza zama hizo ni kwamba watu hawakubadilika mmoja mmoja. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu takribani milioni mbili, iliendeshwa kwa vikundi vilivyokaa kuizunguka redio wakiwa na kijitabu na msimamizi wao. Kipindi kilipokwisha walijadiliana na kukubaliana la kufanya kabla ya mkutano ujao, kama ni kuchimba choo au kufyeka majani. Ukipita kesho yake ulijua nani amechimba na nani bado, kwa kuwa shimo halifichiki. Semina uliyohudhuria ilikutuma nyumbani peke yako na kioo. Tafuta fundi mwenzako mmoja au wawili wenye shida kama yako, mkae jioni moja kila wiki, kila mmoja aje na daftari lake.

Na kwa ndugu Mhasibu: nakubaliana nawe kuhusu njaa na akili, ila usiufanye umaskini kuwa mlango uliofungwa kwa kufuli. Watu ninaowazungumzia walikuja darasani na kibatari wakiwa hawajala mchana.

Mkaazi wa Makunduchi

Assalaam alaykum. Bi Fundi, na mie nichangie machache.

Sisi huku kusini Unguja tuna mwaka mwingine, unaoingia mwezi wa Julai, nao ni Mwaka Kogwa, wenye asili ya Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Wengi wenu mmeona picha zake: wanaume wa pande mbili za mji wanapigana kwa vigomba, wanawake wamevaa vizuri wakiimba kwa maneno makali, na kibanda cha makuti kinatiwa moto. Mgeni huona vurugu. Wenyewe tunaelewa kwamba aliyekuwa na kinyongo na mwenzake anakitoa pale uwanjani, na baada ya hapo watu hula pamoja, na si adabu kuurejesha mwaka jana mezani. Yaani kwanza unafunga, kisha ndiyo unafungua.

Nimesoma maneno yako mara mbili, na naona wewe kila mwaka unafungua bila kufunga. Kurasa tupu za daftari la mwaka uliopita umezihifadhi, unazitazama, na zinakusuta. Madeni umeyataja kwa jumla tu, bila kusema unadaiwa na nani na kiasi gani. Na deni lisilotajwa kiasi hukua usiku. Kabla hujaandika lengo lolote, kaa uandike kila unayedaiwa naye na kiasi chake, umpigie simu au umwendee, umwambie utaanza lini kulipa hata kama ni kidogo. Baadhi yao watasema maneno mazito. Waache waseme.

La pili, nani kakwambia lazima uanze Januari? Serikali yenyewe huanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai, Waislamu tuna Muharram, mkulima anangoja mvua. Kama ndugu Mhasibu alivyosema, Januari yako imejaa sare. Chagua siku inayokaa sawa na kazi yako, uipe heshima ya mwaka mpya.

Mshauri wa Vijana, Dodoma

Naongeza sentensi moja tu juu ya maneno ya Mkaazi, kwa kuwa utafiti unamuunga mkono: mwaka 2014 Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha kwamba watu huanza kwenda mazoezini na kujifunga ahadi si mwanzoni mwa mwaka tu, bali pia mwanzoni mwa wiki, mwanzoni mwa mwezi na baada ya siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mwanzo mpya unapatikana mara nyingi kuliko tunavyodhani, na anayengoja Januari nyingine baada ya kuanguka Machi anapoteza miezi tisa bila sababu.

Fundi wa Morogoro

Nawashukuru sana nyote, na Mwalimu, nimekusoma nikiwa na kitambaa cha mteja mezani, nikacheka peke yangu kwa sababu kilikuwa ni kitenge cha yadi sita.

Nimeamua hivi. Lengo la suti nimelitoa Januari, nitalirudia sare zikiisha. Wiki hii nitaonana na mwenye fremu kuhusu kulipa kwa miezi mitatu, na orodha ya wanaonidai nimeanza kuiandika. Ni fupi kuliko nilivyokuwa nikiihofia, ingawa jina moja ni la shemeji yangu, na hilo litahitaji ujasiri wa pekee. Daftari nitalianza kwa nguo kama alivyosema Mwalimu, na kuna fundi jirani amekubali tukae Jumapili jioni.

Nimebakiwa na swali moja la vitendo. Huwa naanza kuandika mapato vizuri, kisha zinafika siku za Februari ambazo haingii mteja hata mmoja. Siku hizo huona aibu kufungua daftari, na hapo ndipo huwa naliacha moja kwa moja. Siku kama hiyo naandika nini?

Mhasibu wa Vikoba, Iringa

Unaandika tarehe, unaandika sifuri, na pembeni unaandika ulichofanya: umefagia, umetengeneza mashine, umekaa. Kwa mhasibu sifuri ni taarifa kama taarifa nyingine, na ukiiruka utakuwa umetupa siku ambayo ungeihitaji baadaye. Ukifika mwisho wa Machi, fungua kurasa hizo uangalie sifuri zimekaa wapi. Ukikuta, kwa mfano, kwamba nyingi zimeangukia Jumanne na Jumatano, basi umepata siku mbili ambazo unaweza kufunga fremu bila hasara, na hizo ndizo utakazokwenda kukaa kwa fundi wa suti.